Ndama wa Aikande na Panya wa Darini

Hapo zamani, siku ambazo mahindi yalilala darini na ng'ombe akalala chini yake, palikuwa na mjane huko mlimani Kilimanjaro, jina lake Aikande. Mali yake ilikuwa ng'ombe mmoja, naye ana mimba. Mimba iliyotangulia ilitoka siku jirani mmoja alipowafyatulia panya gobore humo humo bandani. Ng'ombe alishtuka, ndama akaharibika, na panya wakaendelea kula.

Sasa mimba nyingine imekomaa, na panya wanamaliza mbegu. Utasema, si amtoe ng'ombe nje? Ndugu yangu, kwao ng'ombe mwenye mimba hatolewi bandani, wanaogopa jicho la watu. Basi Aikande akatangaza mbele ya majirani: "Atakayewamaliza panya hawa, na ndama wangu asiharibike, ndama ni wake." Maneno yalimtoka haraka, na neno likishatoka halirudi.

Akaja Kiwia, shemeji yake, na bunduki ya upepo. Akapanda darini, akalenga. Pu, panya chini. Pu, mwingine chini. Lakini mama yao, panya mkubwa kama mtoto wa paka, vijirisasi vya Kiwia vilimkuna mgongo tu. Akaingia ukutani, na haukupita muda akazaa tena.

Akaja Elinami, askari mstaafu wa wanyamapori, na bunduki yake ndogo ya baruti. Alichagua risasi za mwendo wa taratibu, ambazo mlio wake hauzidi kofi. Pa, yule mkubwa akalala. Lakini risasi haikulala naye. Ilipita ikatoboa bati, mvua ikaingia, nusu ya mbegu ikaloa. Ila kwa mwanga wa tundu lile lile Kiwia akawaona waliobaki nyuma ya magunia, akawamaliza.

Na siku zote hizo, chini bandani alikuwepo Ndeshi, jirani, aliyekuja mikono mitupu. Alimziba ng'ombe masikio kwa kanga, akimkuna shingo na kumwimbia taratibu. Kila bunduki ilipolia, iwe ya upepo au ya baruti, ng'ombe alitetemeka, na Ndeshi akambembeleza mpaka akatulia.

Ndama akazaliwa mzima, jike, ana baka jeupe usoni. Hapo ndipo Aikande alipochanganyikiwa.

Kiwia akasema, "Shemeji, niliua wa kwanza na nikaua wa mwisho. Na bati lako sikuligusa."

Aikande akaitikia kwa kichwa. Ni kweli.

Elinami akasema, "Mama, huyu angeua mpaka uzeeni. Mama yao akiwa hai, panya hawatakwisha. Nani alimuua?"

Aikande akaitikia tena. Nalo ni kweli.

Ndeshi akasema, "Dada, hawa walipima mlio kwa masikio yao. Mimi nilikuwa kwenye masikio ya ng'ombe. Panya sikuua hata mmoja, lakini bila mimi leo wangegombea nini?"

Kweli tupu, na kichwa cha Aikande kikazidi kuuma. Akimpa shemeji, jirani atanuna. Akimpa jirani, ukoo utasema ameutupa. Akimpa askari, wote wawili watamnunia. Na lilikuwepo moja ambalo hakumwambia mtu: tangu usiku ndama alipozaliwa, alikuwa amempa jina alilokuwa amemwekea yule aliyeharibika, na kila alipomwita, ndama aliinua kichwa.

Sasa wamesimama mlangoni watatu, kila mtu na kamba yake mkononi. Aikande amemkumbatia ndama shingoni na hajui ageukie wapi. Usiniambie wagawane, ndama si mkungu wa ndizi. Usiniambie avunje ahadi pia, majirani wote waliisikia.

Je, wewe uliyekaa kimya muda wote huu, ndama afungwe kamba ya nani?