Fisi Aliyekuwa Bibi wa Tembo

Sogeeni karibu, maana haya ya Fisi si ya kusemwa kwa sauti kubwa.

Ukame ulikausha mito miwili. Bi Revati, tembo wa mto Sindhu kule Bara Hindi, akapanda milima kutafuta maji. Mzee Wei, chui milia wa Mto wa Manjano kule Uchina, akapanda kutoka upande wa pili. Wakakutana kwenye chemchemi moja, na badala ya kunywa wakabishana ukoo wa nani ni wa kale zaidi.

"Kwetu dunia ni gurudumu," akasema Bi Revati. "Ukifa unazaliwa tena, pengine malkia, pengine mende."

"Kwetu mkubwa akifa haendi kokote," akajibu Mzee Wei. "Yupo, anatutazama, na njaa inamuuma. Tusipompelekea chakula anatununia."

Fisi alikuwa kichakani, tumbo limegandana na mgongo. Katika yote hayo alisikia neno chakula tu.

Kesho yake akamwendea Bi Revati akilia. "Mjukuu wangu! Hunijui? Ni bibi yako, nimerudi!"

"Bibi jamani! Mbona umerudi na sura hii?"

"Ndiyo niliyopangiwa, mwanangu. Wali upo?"

Akapewa wali wa samli mtupu, maana kwa kina Bi Revati nyama hailiwi. Lakini Fisi na nyama, mnamjua. Akaenda kwa Mzee Wei. "Babu yako kanituma. Anasema bata wa juzi alikuwa mkavu."

Mzee Wei upesi akambebesha bata wa kuchoma ampelekee babu. Bata hakufika hata kwenye kona.

Fisi akanawiri, wenzake wamekonda. Sungura, ambaye siri humwasha mdomo, akawakuta wale wawili wakinywa maji. "Shoga," akamwambia Bi Revati, "bibi yako ana manyoya ya bata kwenye sharubu."

"Muongo wewe! Bibi yangu hakugusa hata yai!"

"Bata?" akanguruma Mzee Wei.

Fisi akaitwa. "Wewe ni bibi yangu, au mjumbe wa babu yake?" akauliza Bi Revati.

Fisi akamtazama yule mwenye miguu mikubwa, akamtazama yule mwenye meno. "Vyote viwili."

"Vizuri," akasema Mzee Wei, akinoa kucha kwenye jiwe. "Basi rudi kwa babu sasa hivi, ukamwombe radhi. Nitakusindikiza mpaka mlangoni."

"Mjukuu wangu, niokoe!"

Bi Revati akamfuta machozi kwa mkonga. "Usiogope, bibi. Utazaliwa tena."

Fisi alitimua mbio hadi kiuno kikashuka, na hakijapanda mpaka leo. Wale wawili wakarudia ubishi wao. Jambo moja tu walikubaliana: yule hakuwa bibi wa mtu.