Makubadhi Yaliyolia Nyuma ya Malkia

Hapo zamani, katika mji wa Tungamawe, watu watatu wazima, wenye akili zao timamu, walishika jozi moja ya makubadhi mbele ya Malkia wakaanza kuvutana.

"Achia, Athmani!"

"Achia wewe, Bi Mwatime! Umevaa viatu vya marehemu mbele za watu, huoni haya?"

Wa tatu, Bwana Dele mpiga mbiu, alikuwa kang'ang'ania gidamu, ule ukanda wa kidoleni, akinong'ona, "Yangu, yangu," maana sauti ilikuwa imemkauka.

Makubadhi yenyewe yalikuwa ya hayati Bwana Shekuwe, mume wa Malkia Mwana Tausi. Mtawala alikuwa mke. Kazi ya mume ilikuwa kutembea nyuma ya mkewe hatua mbili. Si moja, si tatu. Miaka arobaini! Mji ukamwita Bwana Hatua Mbili, naye akicheka tu. Alipofariki, Malkia akatangaza: siku ya arobaini mji mzima utaandamana hadi kaburini kumkumbuka, na atakayemkumbuka kama alivyokuwa hasa, huyo atapewa makubadhi yake.

Bi Mwatime aliposikia, moyo ulimruka. Aliyeyashona ni yeye. Jozi moja kila mwaka, na zote zililia. Kwi! Kwi! Watu walimcheka mpaka basi. "Fundi, nishonee viatu, ila visiimbe!" Malkia mwenyewe aliwahi kusema hadharani, "Fundi gani huyu asiyeweza kunyamazisha kiatu?" Wateja wakamhama. Na Bi Mwatime, mwanamke wa hasira za karibu, alimeza yote akanyamaza. Alikuwa na sababu yake. Alitaka makubadhi yale kuliko kitu chochote duniani, ili jina lake lisafike.

Basi siku ikafika. Dele alikuwa amezunguka vijiji tisa kwa miguu, akipiga mbiu: "Siku hiyo, kila mtu atembee hatua mbili nyuma ya ampendaye!" Na watu wakaja! Wakajaa njiani, wakajaa mapaani. Lakini nani atangulie?

"Tangulia, mume wangu."

"Aka! Leo wewe."

"Shangazi, pita."

"Nipite niende wapi? Mimi niko nyuma yako!"

Huyu akarudi hatua mbili, wa nyuma yake akarudi mbili, na wa nyuma ya huyo naye mbili, mpaka mkia wa msafara ukaingia kwenye vikapu vya wauza samaki. Msafara ukawa unakwenda kinyumenyume!

Athmani, mpiga siwa, akashindwa kuvumilia. Siwa ile, baragumu la enzi, haipulizwi ila kwa mtawala. Anayempulizia mwingine hunyang'anywa, yeye na wanawe na wajukuu wake. Shekuwe hakupuliziwa hata siku moja. Athmani akaiweka mdomoni. Buuuuu! Mji ukasimama wima. Wanaume wakavua kofia.

Malkia akaanza kutembea. Hatua moja. Ya pili. Akasimama, akasikiliza. Nyuma yake umma wa watu, na kimya. Akajaribu tena, akashindwa.

Bi Mwatime akayaona makubadhi juu ya sinia, yakimngoja mshindi. Hakuomba ruhusa. Akayavaa, akasimama nyuma ya Malkia, hatua mbili. Kwi! Malkia akashtuka, asigeuke. Kwi! Akainua mguu. Kwi, kwi, kwi, mpaka kaburini.

Na hapo kaburini ndipo walipovutana.

"Semeni mmoja mmoja," Malkia akaamuru.

Dele akanong'ona, watu wakainamisha masikio. "Mwana, bila mimi angekumbukwa na watu saba na mbuzi. Sauti yangu imekwisha kwa ajili yake."

Athmani akasema, "Mimi nimetoa siwa ya babu zangu. Leo hii nitanyang'anywa. Wanangu watapuliza nini?"

Bi Mwatime akasema, "Mimi nimetoa jina langu miaka arobaini. Mwana, viatu vile havikuwa vibovu! Wiki ya harusi yenu Bwana Shekuwe alikuja kwangu akasema, 'Mke wangu haruhusiwi kugeuka kunitazama. Nishonee viatu vinavyolia, ajue nipo.' Nikaweka kipande cha kifuu kisiginoni. Akaniapisha nisiseme."

"Basi umevunja kiapo!" Athmani akaruka.

"Na wewe umevunja sharti la siwa!"

"Mimi sijavunja kitu," Dele akanong'ona.

"Umevunja vikapu vya samaki!"

Malkia akayachukua makubadhi, akabonyeza kisigino kwa kidole. Kwi. Akalia, akacheka, akalia tena. Akawatazama wale watatu, akashindwa kukata shauri.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, msiniambie wagawane. Viatu ni viwili na watu ni watatu. Wala msiniambie wote walistahili. Hilo ni jibu la mwoga. Yuko aliyeuleta mji, yuko aliyeusimamisha, yuko aliyemtembeza mjane.

Je, nani alistahili? Hadithi nimewapa nzima, sikuficha kitu. Mnadaiwa jina moja. Nipeni.