Aliyemleta Nakiete

Kaeni vizuri, na mwenye usingizi aondoke sasa hivi, maana nikimaliza nitamtaka kila mtu neno lake. Hii si hadithi ya kucheka. Kuna mahali mtacheka, nawajua, lakini si ya kucheka.

Walikuwepo wanawake watatu. Wa kwanza, Eliwaza, alikuwa na kifua: siri ukimpa, umeizika. Wa pili, Mama Kupaza, hakuweza kumwona mtu amelala asimwinue. Nadhani hata mbuzi wake walikuwa hawapumziki. Wa tatu, Shangazi Nahoza, hakuwa na kifua hata cha kuazima. Jambo likimwingia sikioni, limeshatoka mdomoni. Na katikati yao alikuwepo Nakiete, mdogo wake Eliwaza, ambaye siku hizo hakuwa na chochote isipokuwa maumivu.

Nakiete alipasuliwa tumbo katika hospitali moja ya mjini, kule bondeni, mbali na kwao milimani Upare. Utumbo ulikuwa umejisokota. Alipozinduka hakuuliza habari ya kidonda. Aliuliza, "Mama amekunywa uji?" Maana mama yao alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, na Nakiete, kitinda mimba, ndiye aliyebaki nyumbani akimuuguza, akimgeuza, akimlisha kwa kijiko.

Kesho yake mama akafariki.

Ndugu wakakaa kikao. Daktari alikuwa ameshawaonya kwamba presha ya Nakiete ilipanda vibaya, na kwamba ikipanda tena atakaa wodini sana. Basi wakakubaliana asiambiwe. Mazishi yakapangwa Jumamosi, siku ambayo mchungaji na watoto wa mbali wangekuwa wamefika. Nakiete akiruhusiwa kabla ya hapo, atamzika mama yake. Asiporuhusiwa, basi, ataonyeshwa kaburi.

Kazi ya kunyamaza akapewa Eliwaza. Akaichukua simu ya mdogo wake, akasema imeharibika. Kila asubuhi akaingia wodini amenawa uso, amejifunga kilemba vizuri, anatabasamu. "Mama anakusalimu. Anasema ulale, uache ubishi." Nakiete akacheka huku ameshika tumbo, "Huyo ndiye mama yangu!" Akalala kweli, na presha ikashuka. Eliwaza akawa anakwenda kulia chooni, anafungulia bomba ili asisikike. Na siku wanawake wa nyumbani walipomwosha mama na kumvika, Eliwaza, binti mkubwa, mwenye haki ya kwanza, hakuwepo. Angekosekana wodini, mdogo wake angeuliza. Mama yake akaoshwa na mikono ya wengine, yeye akiwa kitandani kwa Nakiete anamsuka nywele na kumtungia salamu.

Mama Kupaza alikuwa kitanda cha pili. Naye alikuwa amepasuliwa, lakini kidonda chake kilikuwa kinakauka, anangoja tu kwenda nyumbani. Alimtazama Nakiete alivyojikunja akasema, "Dada, inuka. Kulala ndiko kunakomweka mtu hapa."

"Mwache apumzike jamani," Eliwaza akasema.

"Atapumzika kwake. Inuka!"

Akamshika kiuno, wakaanza kutembea koridoni, Nakiete anaguna na kulaani, Mama Kupaza anamjibu. Sasa, mnajua mtu aliyekatwa tumbo haachiwi kula mpaka atoe hewa. Kila asubuhi nesi alikuwa anauliza kwa sauti kubwa, "Umetoa?" na Nakiete anafunika uso kwa shuka. Alasiri moja, katikati ya korido, tumbo likanguruma, na hewa ikatoka kwa mlio ambao hata wodi ya wanaume iliusikia. Wodi nzima ikapiga makofi. Nesi akaegemea ukuta kwa kicheko. Haya, chekeni, si niliwaambia? Siku hiyo Nakiete akanywa uji.

Lakini kesho yake, wakiwa wanatembea, kizunguzungu kikamshika Nakiete akaanguka mbele. Mama Kupaza akamdaka kwa mwili mzima. Nakiete hakuumia. Kidonda cha Mama Kupaza ndicho kilichofumuka, damu ikaloanisha gauni. Mumewe alikuwa amekuja kumchukua siku hiyo hiyo, ameleta na nguo yake ya kurudia nyumbani. Akarudi nayo, kwa watoto waliokuwa wanamsubiri mama yao. Mama Kupaza akashonwa upya. Alipolazwa akamgeukia Nakiete, midomo imemkauka, akasema, "Wewe usiache kutembea."

Ikafika Alhamisi. Daktari akasema huenda akamruhusu Jumatatu. Nakiete akasema sawa, hana haraka, mama yuko na watu. Akavuta shuka. Eliwaza akatoka kununua maji, kumbe alitoka kulia, na nyuma yake akaingia Shangazi Nahoza, dada wa baba yao. Wote walikuwa wamemkataza asikanyage hospitali. Alikanyaga.

"Nakiete, inuka ukae. Mama yako hayupo. Anazikwa Jumamosi, na wamekuficha. Ukitaka kulia, lia, lakini lia umesimama."

Nakiete hakupiga yowe. Akauliza, "Lini?"

"Siku ya pili ya kukatwa kwako."

"Na zile salamu?"



Nakiete akakumbuka alivyokuwa anacheka. Mama yake amelala mochwari, yeye anacheka! Akashusha miguu chini. Shangazi akanyoosha mkono, akaukataa. Akashika ukuta, akaenda peke yake, machozi yanadondoka kwenye sakafu, mpaka kwa daktari. Akasimama mbele ya meza, akasema anataka kwenda kumzika mama yake.

Daktari akampima, akampima tena. Akasema, "Presha ingekuwa kama ile ya mwanzo, nisingekuruhusu. Tumbo lisingefunguka ukatoa hewa na kula, nisingekuruhusu. Na usingekuja hapa kwa miguu yako, ningekuacha mpaka Jumatatu, maana sikujua kama unaweza." Akamwandikia aende.

Jumamosi Nakiete alikuwepo. Hakuweza kuinama, kaka yake akamwekea udongo kiganjani. Akautupa. Akabaki amenyoosha mkono, kama mtu aliyesahau kuurudisha, mpaka Eliwaza alipoushika.

Jioni yake jirani aliyekuwa na marehemu mpaka mwisho akaja na blanketi, lile la mistari ambalo mama alikuwa halitoi mwilini. Akasema mbele ya watu, "Mama yenu alikuwa anatazama mlango. Akasema, 'Blanketi langu apewe atakayeniletea Nakiete.' Akasema hivyo mpaka sauti ikaisha."

Nakiete akalipokea. Bado lilikuwa na harufu ya moshi wa jikoni kwao. Akalia kwa sauti, kidonda kikimuuma kwa kila pumzi. Mama alimwita, na kweli ameletwa, lakini kwa aliyeshazikwa.

Eliwaza akapiga magoti. "Mdogo wangu, mimi sikumwosha mama. Nilibaki na wewe. Sina hata kumbukumbu ya kumgusa. Nipe hilo."

Nakiete akamtazama. Alimpenda, na bado hakuweza kusahau zile salamu za uongo.

Nje, kwenye ukuta wa jiko, Shangazi Nahoza alikuwa amekaa peke yake. Kaka yao alimwambia mbele za watu, "Ulitaka kutuulia wa pili." Tangu hapo hakuna aliyempa hata kikombe cha chai. Hakuomba kitu. Usiku ulikuwa unaingia na baridi ya milimani mnaijua.

Na kule bondeni Mama Kupaza alikuwa bado kitandani, kidonda kibichi, hajui kwamba kuna blanketi duniani lenye neno linalomhusu. Si ndugu. Hata kaburi lenyewe hajaliona.

Sasa msiniambie lichanwe vipande vitatu, nitawafukuza. Wala msiniambie Nakiete abaki nalo. Mama yake hakusema hivyo, na yeye mwenyewe amekataa. Amesimama mlangoni, amelikumbatia. Dada yake yuko magotini, shangazi yake yuko nje kwenye baridi, na mwenzake yuko wodini.

Haya, semeni, tena kila mtu aseme kwa nini: blanketi ni moja, wewe ungemfunika nani?