Sultani Aliyejilipia Maziko

Palikuwa na Sultani mmoja wa mwambao, jina lake Jabiri, aliyewaamini watu wake kwa kila jambo ila moja: kumzika. Siku alipomzika baba yake aliona pilau haina nyama na wanawake wa kulia wanapiga miayo. Akarudi nyumbani hana raha. Akasema, hawa wanangu nikiwaachia wao, nitazikwa kwa sanda ya kuazima.

Basi akajipangia maziko yake mwenyewe, akayalipia mapema. Msiniulize kwa nini. Mwenye nguvu mpishe, na mwenye fedha mwacheni azikwe atakavyo. Akamwita mshona sanda, akamwita mpishi wa hitima, wachukuzi wa jeneza na wanawake wa kulia, wale wenye sauti. Kila mmoja akampa nusu ya ujira papo hapo. Nusu ya pili ataipata siku yenyewe, kazi ikishaonekana. Kadhi alinong'ona kwamba kulia kwa malipo ni makuruhu. Sultani akamzawadia joho jipya, ikawa si makuruhu sana.

Likabaki kaburi. Makaburi ya mji hayakumpendeza. Alisema watu wamebanana mno mle, tena wengine yeye hata hawajui. Akataka mahali palipoinuka, penye upepo, ubavuni mwa msikiti, watu wa Ijumaa wapate kumpitia. Mahali penyewe palikuwepo, na palikuwa pazuri kweli. Ila pana nyumba, na ndani ya nyumba yumo Bi Kazija.

Huyu Bi Kazija alikuwa mjane, mpika vitumbua, na ulimi wake ungekunyoa bila maji. Nyumba ile aliachiwa na marehemu mumewe. Hakuwa na nyingine, wala ndugu wa kumpokea. Askari wakaja wakamwambia ahame kabla ya Ijumaa, kwani Sultani anataka kaburi lichimbwe alikague kwa macho yake. Fidia hapana; heshima inatosha. Mimi ningekunja mkeka wangu nikaenda zangu nalia. Yeye alijitanda kanga, akafunga mlango, akaenda barazani.

Alimkuta Sultani amekaa na wakubwa wake, Kadhi pembeni na joho lake. Akaamkia, akaulizwa shida yake.

"Shida yangu ni ndogo, Maulana. Nimekuja kuuliza, mimi nikalale wapi?"

"Ardhi ya Mungu ni pana, bibi."

"Kwangu mimi ni pana, na kwako wewe imekuwa nyembamba?"

Wakubwa wakatazama miguu yao. Sultani akakunja uso.

"Unabishana na anayekulisha?"

"Vitumbua ulivyokula asubuhi, Maulana, vimetoka jikoni kwangu. Hapo anayelishwa ni nani?"

"Kwa hiyo unanikataza nisizikwe?"

"Hasha. Zikwa hata leo."

Kadhi akapaliwa na mate. Bi Kazija akangoja amalize kukohoa, kisha akaendelea kwa upole kabisa.

"Nasema hivi: nyumba ni yako, nimekupa mbele ya mashahidi hawa. Siku utakayoletwa, nitatoka mwenyewe, na mlango nitakufungulia kwa mkono wangu. Lakini leo ungekuja kwa miguu, na kaburi haliingiwi kwa miguu."

Sultani akamgeukia Kadhi, amwambie sheria inasemaje. Kadhi akasema jambo hilo lina kauli mbili, naye ameisahau ya kwanza. Sultani akaona anachezewa mbele ya watu wake. Akapiga mkono kwenye kiti, akaamuru askari wakavunje nyumba saa ile ile. Bi Kazija hakusogea wala hakulia. Jambo hilo lilimkera Sultani zaidi, akawazuia askari mlangoni ili kwanza amnyamazishe kwa maneno.

"Nikuulize, mwanamke wewe. Mji mzima umeridhia maziko yangu. Mshona sanda karidhia, mpishi karidhia, wachukuzi, wenye kulia, wote wananiombea. Aliyenipinga ni wewe peke yako. Nipe sababu moja ya kukuacha katika nyumba ile."

"Sababu ni hao hao, Maulana. Wote uliowataja wana nusu yao inayongoja ufe. Juzi ulipopiga chafya mbili, mpishi aliteremsha masufuria, na wenye kulia wakaanza kunywa tangawizi. Katika mji wako huu amebaki mtu mmoja tu ambaye ukifa atapata hasara, kwa kuwa siku hiyo atahama. Kila alfajiri nakuombea umri mrefu, na naomba kwa moyo, maana naiombea nyumba. Sasa ukitaka kunitoa leo, nitoe, sitabisha. Nitakwenda kukaa na hao wenzangu, tungoje pamoja."