Bembea ya Usheni

"Wivu hufunga bembea penye mikongojo." Mmelisikia neno hilo leo mkutanoni, wajukuu zangu, mkacheka, kisha mkaniuliza bembea na mkongojo vinakutana wapi. Vilikutana hapa hapa kwetu Usheni, na mambo yalianza hivi.

Miaka hiyo mfereji mpya ulifika Bondeni, na mpunga ukakubali. Vijana wa huku mlimani wakashuka mmoja mmoja, wakaoa huko, wakazaa huko. Ukisimama ukingoni asubuhi uliona nepi zimeanikwa kila ua, na kelele za watoto zilipanda hadi juu. Usheni walibaki wenye mvi.

Mmoja wao alikuwa Nakunda. Aliishi na mama yake, Bibi Nanzighe, aliyekuwa na presha. Dawa zake Nakunda alizifuata hospitali, kupita Bondeni, mteremko mrefu wa mawe. Siku miguu yake ikikataa, bibi alikaa bila dawa.

Mdogo wake Nakunda, aitwaye Nakiete, alikuwa Bondeni, nyumba yake imejaa wajukuu. Hata watoto wa Nakunda mwenyewe walihamia huko, wakawa wanakula kwa mama yao mdogo siku nyingi kuliko kwa mama yao mzazi. Kelele zile zilipopanda, Nakunda alifunga dirisha.

Kisha Bondeni wakajengewa kliniki ya mama na mtoto, na uwanjani ikawekwa bembea nyekundu. Nakiete alimwalika dada yake siku ya ufunguzi. Nakunda alienda, akawatazama watoto wanavyogombea ile bembea, na mmoja wao alikuwa mjukuu wake. Mtoto hakumtambua. Nakunda hakugusa wali wa watu. Alipanda mlima kifua kinamwaka.

Baadaye bwana maendeleo akaja Usheni, akaitisha mkutano.

"Wazee wangu, sasa ni zamu yenu. Tutaleta bati, saruji na muuguzi. Nguvu ni zenu. Semeni mnahitaji nini."

Mzee Senzota akainuka taratibu. "Sisi hapa ni magoti, macho na presha. Tupe chumba cha dawa za maradhi hayo, na muuguzi wa kupita nyumba kwa nyumba. Basi."

Wengi wakaitikia. Lakini Nakunda akasimama.

"Yaani Bondeni wapewe kliniki yenye vitanda na bembea, sisi tupewe dawa ya magoti? Sisi ni makapi? Tunataka kama ya Bondeni, na bembea yetu iwe ndefu kuliko yao!"

"Nani atabembea, Nakunda?" akauliza Senzota. "Mimi? Nikianguka mtaokota mifupa yangu kwa ungo!"

Watu wakacheka, lakini Nakunda hakucheka. "Watoto wetu wakiona tuna kliniki kama yao, watarudi. Au ninyi mmezoea kula peke yenu?"

Hapo kicheko kikakatika. Kila mmoja alikumbuka chungu chake kidogo jikoni.

"Mama, sikiliza," bwana maendeleo akasema. "Kitakacholetwa kitakuwa cha watoto. Dawa za wazee hazitakuja pamoja nacho."

"Kama ya Bondeni," akajibu Nakunda, na safari hii wengi wakaitikia upande wake.

Baragumu la msaragambo likapigwa. Mnajua, likilia, kila nyumba hutoa mtu kwa kazi ya wote. Wazee wa watu walibeba mawe huku wanahema. Kliniki ikasimama, bembea ikafungwa, ndefu kweli. Ila vijana walikuja sikukuu, wakaisifu, wakashuka. Mashamba yao yalikuwa chini. Muuguzi alishinda mlangoni akifuma kitambaa, na wazee wakipita kwenda kanisani walipumzika pale uwanjani, mikongojo wameiegemeza kwenye nguzo za bembea.

Asubuhi moja Bibi Nanzighe aliamka kichwa kinampasuka. Ilikuwa siku nyingi hajapata dawa. Nakunda akamkokota hadi kliniki.

"Mwanangu, mpe mama dawa ya presha!"

Muuguzi akafungua kabati, machozi yakimlenga. "Nina chanjo, mama. Nina mizani ya watoto. Dawa ya presha sikuletewa. Mpelekeni hospitali upesi."

Machela ilikuwapo. Wabebaji ndio hawakuwapo. Senzota alishika mti wa machela, akayumba, akaketi chini. Ikabidi Nakunda ateremke mwenyewe mbio hadi mlangoni kwa mdogo wake.

"Nakiete, mama! Nipe vijana wako."

"Vijana wangu, dada? Ni wako pia."

Walipanda haraka, watoto wa Nakunda wakiwa mbele. Walimkuta bibi amelazwa kivulini, wazee wamemzunguka. Walipomnyanyua, aliitazama bembea iliyosimama juu ya mikongojo ya wazee, akamshika binti yake mkono.

"Nakunda, ulikuwa unamtazama mdogo wako, hukunitazama mimi. Wivu umefunga bembea penye mikongojo."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kutoka yakiwa mazima. Kabla hawajafika hospitali, ulimi ulikuwa umelegea na upande mmoja wa mwili umekufa. Aliishi miaka mingine, Nakunda akimlisha kwa kijiko, akimwuliza hiki au kile, naye akijibu kwa macho tu.

Aliyeisambaza methali hii ni Nakunda mwenyewe. Kila alipokuta watu wanataka kitu kwa sababu jirani anacho, hakuwakemea. Aliwauliza nyumbani kwao kuna nani, na huyo aliyepo anaumwa nini. Wakishindwa kujibu, aliwaambia polepole, kama mtu anayerudia sauti ya mama yake: "Wivu hufunga bembea penye mikongojo."