Wafuasi Laki Nne wa Sungura

Wapendwa, mwanamke wa mfano huu nimemtunga mwenyewe, msimtafute kwenye simu zenu.

Alikuwa Mjapani, zamani beki wa pembeni katika timu ya wanawake. Jina lake Hoshikawa Misao. Hoshikawa ni la ukoo, maana Wajapani hutanguliza la ukoo. Lakini mtandaoni alijiita Sungura, kwa sababu ya mbio zake za ujanani, na Sungura alikuwa na wafuasi laki nne. Walimpendea nini? Aliwaigiza wachezaji wanaojirusha ili wapewe penalti. Utamwona anamenya viazi, mara puu! yuko chini, anagaagaa, ameshika mguu, anamlilia refa asiyekuwepo. Watu wakacheka mpaka machozi.

Asubuhi moja alikuwa mubashara, anakaanga samaki, simu ameiegemeza juu ya kabati. Akageuka kuchukua sahani, na goti lililoumia tangu enzi za mpira likateguka. Akaanguka. Mafuta yanachemka jikoni.

"Nisaidieni," akasema. "Goti limetoka. Siwezi kusimama."

Wafuasi wakaandika: "Refa, kadi ya njano hiyo!" Mwingine: "Dada, leo umejirusha vibaya, rudia!"

"Sichezi! Kikaango kinawaka!"

"Penalti hatutoi!"

Moshi ukaanza kujaa. Vicheko vikapungua. Mfuasi mmoja, mwanamume mtu mzima, akapiga simu zimamoto.

"Kuna mwanamke anaungua! Fanyeni haraka!"

"Jina lake?"

"Sungura."

"Ndugu, nauliza jina."

"Ndilo ninalolijua."

"Anakaa mtaa gani?"

"Sijui."

"Mji je?"

"Nao siujui."

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni... mfuasi wake. Mwaka wa sita huu."

Mmesikia? Miaka sita anamfuata, na hajui amfuate wapi! Huko kwenye simu watu wakamwona akikohoa, kisha wakamsikia tu akikohoa, kisha wakaona moshi peke yake. Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Ungeandika nini?

Aliyemtoa ni bibi wa nyumba ya pili, ambaye hajapata kumwona akicheza mpira hata siku moja. Alisikia harufu, akaingia kwa mlango wa uani, akaita, "Bi Hoshikawa! Itika, Bi Hoshikawa, nikufuate sauti!" Akamshika makwapani, akamburuta mpaka nje. Bi Hoshikawa alipona, ila mkono wake mmoja uliungua vibaya.

Naona mnatikisa vichwa kuwasikitikia wale wafuasi. Msiwasikitikie bado.

Jumatano, kwenye kundi la simu la usharika wetu, mama mmoja aliandika: "Niombeeni, siwezi kuinuka kitandani." Chini yake zikafuata Amina sabini na tatu. Ya kwanza ilikuwa yangu, mimi mchungaji wenu. Tangu hapo hajaandika tena. Jana nikataka kwenda kumwona. Nikawauliza wazee wa kanisa nyumba yake ni ipi. Kila mmoja akanielekeza kwa mwenzake. Sisi humwita Mama Ambwene. Jina lake la ubatizo silijui, na ni mimi niliyempokea hapa, mbele ya madhabahu hii.

Leo ni Jumapili. Siku nne. Nani kati yenu anajua anapokaa? Asimame sasa hivi, atangulie. Ibada tutaimaliza tukirudi.