Sabuni Aliyouza Chui

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na nyumba, milango na majirani wa kuwasengenya, Chui alifungua duka la sabuni. Kazi yake hasa ilikuwa kuwatia watu aibu. Akimwona mtu anapita, anamwita, anamnusa, kisha anakunja pua.

"Ngozi yako imejaa vijidudu," anasema. "Sabuni yangu inaua vyote, hakibaki hata kimoja."

Siku moja akampata Mishi, binti wa Bi Kiboko, aliyebakisha siku saba tu aolewe. Nyinyi mnajua ngozi ya kiboko ilivyo, ina ute mwekundu unaoteleza.

"Bi harusi mzima unanata hivi?" Chui akamwambia. "Bwana harusi atakukimbia."

Maskini Mishi akanunua miche mitatu. Akajisugua asubuhi, mchana na jioni, kwaru kwaru kwaru, mpaka ule ute ukaisha. Siku ya tano ngozi ikapasuka. Ya sita ikaota mabaka meupe ya ukungu, akawa anajikuna huku analia. Akarudi dukani. Mnajua Chui alimwambia nini? Anunue na krimu. Mimi nikifika hapo damu inanichemka.

Somo wa Mishi, yule anayemfunda mwali kabla ya harusi, alikuwa Bi Kindi, mdogo wa kukaa kiganjani lakini mwepesi wa akili. Alipomwona mwali wake alikasirika.

"Nani kakwambia ute ni uchafu?" akauliza. "Humo wanaishi vijidudu wema, wadogo hata hawaonekani. Wao ndio wenyeji. Wakiwepo, wabaya hawapati pa kukaa. Umewafukuza wenyeji, sasa nyumba imevamiwa."

"Na harusi ni kesho, somo," Mishi akasema.

"Harusi itangoja. Kwanza nina shughuli na Chui."

Kesho yake, wageni wasiojua kuwa harusi imeahirishwa walipojaa uani, Bi Kindi akamkaribisha Chui kama mgeni wa heshima, akamketisha kitini aoshwe miguu, kama desturi ya harusi zao. Beseni likaletwa, maji meupe pepepe. Chui akatumbukiza miguu, chubwi, akafumba macho kwa raha.

"Mmetia nini humu?" akauliza.

"Sabuni yako, bwana," Bi Kindi akajibu kwa upole. "Miche sita mizima. Tulia nikusugue mpaka shingoni."

Chui akaruka, beseni likapinduka, bwaa!

"Unataka kunichubua, wewe? Leteni maji safi, upesi! Sabuni ile siigusi mimi, wala wanangu hawaigusi!"

Wageni wote wakageuka kumtazama.

"Hilo lilikuwa tui la nazi tu," Bi Kindi akasema.

Bi Kiboko akainuka.

"Kwa hiyo ulijua," akamwambia Chui. "Ulimtazama mwanangu anajikuna, nawe unajua, ukamuuzia tena."

Chui alitimka mbio, na kina mama wote nyuma yake na miiko, mpaka alipopotelea porini. Mishi alikaa mtoni miezi miwili bila sabuni, ute ukarudi wenyewe, na bwana harusi alingoja.

Basi shikeni hili, wanangu: anayekuuzia asichothubutu kujipaka mwenyewe, usimpe ngozi yako.